Kipimo cha Mkate: Gemu Tisa za Dunia Wazi, Kutoka Mkiani Hadi Kileleni

Trela zote za gemu za dunia wazi ni moja. Mtu kasimama juu ya jabali, joho linapepea, kamera inamzunguka taratibu, na sauti nzito inakuambia kwamba mlima ule wa mbali, naam, ule wenye theluji, unaweza kuufikia kwa miguu yako mwenyewe. Hongera sana. Sasa nikishafika kule juu nakuta nini? Hapo trela inakatika, linakuja jina la gemu na bei yake.

Kwa hiyo hapa hatupimi ukubwa wa ramani. Tunatumia Kipimo cha Mkate, ambacho hakijathibitishwa na chuo chochote na kinafanya kazi hivi: naingia nyumbani kwa mtu nisiyemjua, namkuta kakaa mezani, nachukua mkate wake mbele ya macho yake, natoka zangu. Je, dunia hiyo inafanya nini? Mwenye nyumba akiendelea kukodolea ukuta, basi hata unipe mabara saba, umenipa kalenda yenye picha nzuri. Akipiga yowe na mtaa mzima ukatoka, hapo tunaweza kuongea.

Zinazoshindana ni RPG, yaani gemu ambazo unavaa uhusika, unapanda daraja na kuishi na maamuzi yako, na ziwe zimetoka kuanzia 2020. The Witcher 3 ni ya 2015. Mzee kastaafu kwa heshima, tusimsumbue. Skyrim ni ya 2011, ingawa imetolewa upya mara nyingi hadi aibu. Mwaka 2018 waliitoa hata kwa spika ya Alexa, ikaanza kama utani na kumbe kweli ilikuwa inachezeka. Oblivion ilirudi Aprili 2025 na sura mpya, ila mifupa ni ya 2006. Na Tears of the Kingdom, je? Link, shujaa wake, hapandi daraja wala hana pointi za uzoefu. Hiyo si RPG. Isitoshe, gemu inayokutawanyia mbegu elfu moja porini, ukizikusanya zote ikakuzawadia kinyesi cha dhahabu, inajua vizuri inachokufanyia.

Najua umeshakasirika na hatujafika hata namba tisa. Vizuri, kaa na hasira hizo hizo. Na usiulize kwa nini ni tisa badala ya kumi. Ya kumi bado inapakua.

9. STARFIELD (2023)

Bethesda waliahidi sayari zaidi ya elfu moja, na ahadi wakaitimiza. Hilo ndilo lililowaponza. Unatua kwenye sayari ambayo hakuna kiumbe aliyewahi kuikanyaga, unatembea weee, unakuta maabara iliyotelekezwa, imejaa barafu. Ndani kuna maharamia wa kupiga risasi, kuna maiti sakafuni, kuna ujumbe wa mwisho wa marehemu. Inasikitisha kweli. Unaruka hadi nyota nyingine kabisa, unatua, unatembea weee, unakuta maabara iliyotelekezwa, imejaa barafu. Maiti ni ile ile. Imelala pale pale. Ujumbe wake ni ule ule. Marehemu huyu ametembea ulimwengu kuliko wewe na mimi tukijumlishwa.

Halafu kuna suala la usafiri. Humu binadamu wamegundua injini ya kuikunja anga, wanaruka kutoka nyota hadi nyota kwa sekunde, lakini mtu akishuka ardhini anapiga mguu. Gari la kwanza liliingia Agosti 2024, karibu mwaka mzima baada ya gemu kutoka. Sayari elfu moja, na hakuna hata kijana mmoja wa bodaboda aliyeiona hiyo fursa?

Tuwe wa haki. Karakana ya kuunda chombo chako cha anga ni tamu, unaweza kupoteza wikendi nzima unabishana na wewe mwenyewe mlango ukae upande gani. Dunia yetu ya zamani nayo imewekwa: jangwa tupu, piramidi ya Giza imesimama peke yake, Burj Khalifa imesimama peke yake, kila moja inamsubiri mwenzake. Na Kipimo cha Mkate inafaulu: ukiiba ukaonekana, unawekewa faini kichwani na walinzi wanakufuata. Kazi ni kuipata hiyo nyumba yenye mtu ndani.

Hukumu: Kubwa mno. Msongamano sifuri. Ingekuwa mjini ungesema hapapangishiki.

8. HORIZON FORBIDDEN WEST (2022)

Hii twende nayo haraka kabla Aloy, shujaa wake, hajaanza kusimulia.

Mashine zenye maumbo ya wanyama, alama kumi. Kumng'oa Thunderjaw silaha zake kwa mishale kisha kumpiga nazo mwenyewe, alama kumi na moja. Ila Aloy haachi kuongea. Ukiangalia ngazi, anakuambia hiyo ni ngazi. Ukisimama sekunde tatu kwenye fumbo, anakupa jibu. Ukiokota kitu begi likiwa limejaa, anakutaarifu kwamba kinapelekwa stoo. Hilo lilikera watu hadi Guerrilla, wale jamaa wa Amsterdam walioitengeneza, wakalazimika kutoa maboresho ya kumpunguza maneno. Fikiria: gemu imefanyiwa marekebisho ili shujaa wake anyamaze.

Na gundu je? Toleo la kwanza lilitoka mwishoni mwa Februari 2017, siku chache kabla ya Breath of the Wild. Hili la pili likatoka tarehe 18 Februari 2022, wiki moja kamili kabla ya Elden Ring. Kuna mtu pale ofisini anayepanga tarehe, na mtu huyo ana kinyongo.

Hukumu: Nzuri, na itakuambia yenyewe kwamba ni nzuri. Ukichukua mkate, mwenye nyumba atanyamaza, ila Aloy atatangaza kwamba huo ni mkate.

7. ASSASSIN'S CREED SHADOWS (2025)

Watu wa pwani, hapa mkae vizuri, maana mmoja wa mashujaa wawili anaweza kuwa jirani yenu. Yasuke si mtu wa kubuni. Alifika Japani mwaka 1579 katika msafara wa padri Mjesuiti Alessandro Valignano, na mwaka 1581 akapelekwa mbele ya Oda Nobunaga, mbabe aliyekuwa anaiunganisha nchi kwa upanga. Barua za Wajesuiti zinasimulia kwamba Nobunaga hakuamini ile rangi, akaamuru mgeni avue nguo hadi kiunoni ili ahakikishe hajapakwa wino. Hakupakwa. Mwandishi mmoja wa Kijesuiti baadaye alisema Yasuke alitoka Msumbiji. Gemu ilipotangazwa, intaneti iliwaka miezi kadhaa, watu wanabishana kama alikuwa samurai kamili au nusu, wengi wao wakiwa wataalamu wa karne ya 16 tangu jana yake jioni.

Sasa gemu yenyewe. Naoe, yule dada shinobi, anateleza kwenye mapaa na hakuna anayemsikia. Yasuke ni habari nyingine. Mlango kwake ni ushauri tu, anapita nao. Ule mruko maarufu wa mfululizo huu, wa kujitupa kutoka mnarani hadi kwenye lundo la nyasi, ambao kila shujaa kabla yake aliufanya kwa madaha, Yasuke akiufanya anatua kwa kishindo na kuguna. Niliwahi kusoma malalamiko kwamba hafai kwa kazi ya kimyakimya. Jamani, ndiyo raha yake!

Majira yanabadilika, na hapa Ubisoft, watengenezaji wake, wanastahili makofi. Bwawa ulilojificha ndani yake wakati wa joto, baridi ikija limeganda, na wewe umesimama juu ya barafu mbele ya mlinzi unajichekesha.

Kinachoiangusha ni ugonjwa wa familia: orodha. Nenda ngomeni, ua watatu, fungua sanduku, rudi. Nenda hekaluni, okota kurasa zilizopotea. Jitu linalovunja milango kwa bega linatembea uani mwa hekalu linaokota makaratasi.

Kipimo cha Mkate: mkate wenyewe Wareno ndio kwanza wameuleta Japani, tuwasamehe.

Hukumu: Yasuke mpeni gemu yake peke yake, na milango mingi.

6. HOGWARTS LEGACY (2023)

Iliuza nakala zaidi ya milioni 22 mwaka ule mmoja, kwa hiyo nusu ya wanaosoma hapa wananitafuta. Nipo.

Ngome ya Hogwarts ni kazi ya mapenzi, hilo halina ubishi. Unaweza kusahau kuna hadithi, ukawa unapanda ngazi tu na kusikiliza picha za ukutani zikigombana. Na Afrika Mashariki imo! Natsai Onai, rafiki yako wa Gryffindor, amehamia kutoka Uagadou, shule ya uchawi ambayo J. K. Rowling aliiweka Uganda, kwenye Milima ya Mwezi, yaani Rwenzori. Uagadou wanasifika kwa kufanya uchawi kwa vidole, bila fimbo. Kwa hiyo binti katoka shule ambayo fimbo haihitajiki, kaletwa Uskoti kwenye baridi kujifunza kutumia fimbo. Kisa? Mama yake ni mwalimu, kapata kazi huku. Mtoto yeyote wa mwalimu anaijua hadithi hii. Hata uchawi hauzuii uhamisho.

Lakini dunia hii haikuoni hata ukiwasha moto. Unafungua milango ya watu kijijini Hogsmeade, unasomba masanduku vyumbani mwao, wenyewe wanakupungia mkono. Unajifunza Avada Kedavra, laana ya kuua ambayo kwenye vitabu vya Harry Potter ilikuwa tiketi ya moja kwa moja kwenda gereza la Azkaban, unaipiga mchana kweupe, kesho unawahi kipindi cha mimea. Una miaka kumi na tano!

Na majangili. Gemu inakuambia majangili ni watu wabaya kwa sababu wanakamata viumbe vya porini na kuviuza. Unawamaliza kwa mamia. Kisha unachukua gunia lako la kichawi, unakamata viumbe vya porini, unaenda dukani Hogsmeade, unaviuza. Hakuna mtu anayekohoa. Kumbe hukumaliza ujangili, ulikuwa unapunguza ushindani.

Hukumu: Jengo alama kumi, wakazi alama tatu, mwanafunzi akamatwe.

5. GENSHIN IMPACT (2020)

Mwenye PS5 anajua kutucheka, ila hii ndiyo pekee humu ambayo kijana mwenye simu nzuri anaweza kuifungua kwenye daladala, ni bure, na bado akapewa ukuta wowote aupande na mlima wowote aurukie kwa mabawa. Bure, isipokuwa nafasi: inameza makumi ya GB, na kila toleo jipya linakuja kuuliza kama zile picha za harusi ya dada bado unazihitaji.

Sasa mkia wa hilo neno bure. Wahusika wazuri wanapatikana kwa bahati nasibu. Nafasi ya kumpata wa nyota tano kwa mvuto mmoja, yaani kubahatisha mara moja, ni asilimia 0.6. Usipompata, kwenye mvuto wa 90 wanakupa kwa lazima, na hata hapo ni karibu nusu kwa nusu kama atakuwa yule uliyemtaka au mwingine ambaye tayari unaye na humpendi. Kuna kijana ana mkeka wa timu kumi mfukoni na anamcheka mchezaji wa Genshin. Mchezaji wa Genshin naye anamcheka mwenye mkeka. Wote wawili wana hoja.

Kinachoiokoa ni kwamba dunia yenyewe haikuwa lazima iwe nzuri hivi, na ni nzuri. Muziki unabadilika ukivuka mpaka wa nchi, mvua ikinyesha umeme wako unauma zaidi. Na kuna Paimon, kale kadogo kanakoelea pembeni yako kakiongea kila kitu, ambako mapema kabisa gemu inakuruhusu kukatambulisha kwa watu kuwa ni chakula cha dharura. Hakajawahi kusamehe.

Kipimo cha Mkate? Hapa ni mkate wako ndio unaochukuliwa.

Hukumu: Ya bure iliyo ghali kuliko zote.

4. CYBERPUNK 2077 (2020)

Kama orodha hii ingeandikwa Krismasi ya 2020, hii ingekuwa namba tisini na tisa. Ilitoka tarehe 10 Desemba ikiwa mbichi kabisa: watu wamesimama mikono imetandazwa, magari yanazama kwenye lami, na ukifanya kosa katikati ya jangwa pasipo hata mjusi, polisi wanachipuka mgongoni mwako. Wiki moja baadaye Sony wakaiondoa kwenye duka lao na kurudishia watu fedha. Haikurudi dukani hadi Juni 2021.

Kisha Septemba 2023 likaja toleo la 2.0, polisi wakafundishwa kuendesha magari, ujuzi wa mwilini ukapangwa upya, na siku chache baadaye ikafuata nyongeza ya Phantom Liberty, ndani yake Idris Elba akiwa jasusi Solomon Reed. Ndiyo, Idris yule yule ambaye Zanzibar ilitangaza kumtengea ardhi ajenge studio ya filamu. Kwa hiyo ukimsikia Mzanzibari anaitetea gemu hii kwa jazba, ujue ana maslahi.

Ila si Idris wala Keanu Reeves, ambaye naye yumo, aliyeipandisha hadi namba nne. Ni mashine ya kuuzia vinywaji na vitafunio. Inaitwa Brendan, imesimama kwenye kichochoro Japantown, na inaongea: inatania wapita njia, inasikiliza shida za watu, inakuita wewe kwa upole uisaidie jambo dogo. Hakuna bunduki wala mlipuko, na ukiendelea na safari zako bila kusimama hutajua kwamba ipo. Mwishowe wenye mali wanakuja kuichukua, na wewe, muuaji wa kulipwa mwenye mikono ya chuma, umebaki kichochoroni unaomboleza mashine ya soda. Mlima gani wenye theluji utakupa hicho?

Kasoro: bado ukiingia chumbani kwa mtu ukabeba kinywaji chake, anaendelea na mambo yake. Jiji zima halina habari na wewe. Kwa jiji kubwa, lakini, huenda huo ndio uhalisia.

Hukumu: Waliuza nyumba haina paa, wakarudi kuezeka, wakaongeza na roshani. Ukilipia leo unakaa vizuri. Aliyelipia 2020 alinyeshewa, na ana haki ya kununa.

3. DRAGON'S DOGMA 2 (2024)

Sasa tumeingia kwa vichaa. Gemu zote hapo juu zinakubembeleza. Hii haijui kubembeleza. Faili la kusevu ni moja tu. Kuhamia mji wa mbali kwa haraka kunataka jiwe la gharama. Mbadala ni mkokoteni wa ng'ombe: unalipa nauli, unakaa, unasinzia, unaamshwa na vijitu vya kijani vinavyoubomoa mkokoteni, na ukishabomoka unashuka na kutembea usiku. Nauli hairudishwi.

Hazina yake ni wale wasaidizi wanaoitwa Pawn. Unamtengeneza wako sura na tabia, na wachezaji wengine duniani wanaweza kumkodi. Ukilala, yeye anaenda kazini kwa watu usiowajua, anarudi na zawadi, na anajua njia za kazi ambazo wewe hujawahi kufanya. Raha hiyo. Hadi siku anarudi na ugonjwa.

Ugonjwa wa joka una dalili moja kuu: kiburi. Anajibu kwa mkato. Anapuuza amri. Anashika kichwa, macho yanawaka mekundu. Ukipuuza ukaenda kulala kwenye nyumba ya wageni, usiku anageuka jitu na kuua mji. Mji, yaani watu wote: muuza dawa, mwenye nyumba ya wageni, na yule mzee uliyekuwa na kiporo cha kazi yake. Kumbuka, faili la kusevu ni moja. Wachezaji wakagundua kinga: akianza kujibu ovyo, mtupe mtoni. Sijui gemu nyingine inayotibu utovu wa nidhamu hivyo.

Halafu ukipiga kambi na kuchoma nyama, inakuja video ya nyama ya kweli, iliyopigwa na kamera ya kweli, inachuruzika mafuta kwenye jiko la kweli. Hakuna maelezo. Mtu wa Capcom, watengenezaji wake, alikuwa na njaa, basi.

Na hao hao Capcom siku ya kwanza waliweka dukani kwa fedha taslimu vitu ambavyo ukicheza unavipata bure, kikiwemo kibali cha kubadili sura yako. Huo ni ushamba na usirudiwe. Mkate huku hauna kesi, ingawa ukikutwa umejipenyeza kasri la mfalme usiku unalala jela.

Hukumu: Nusu yake imevunjika na hiyo ndiyo nusu tamu.

2. ELDEN RING (2022)

Ndiyo. Namba mbili. Pumua.

Sina ubishi na sifa zake: Gemu ya Mwaka kwenye tuzo za The Game Awards 2022, Hidetaka Miyazaki akiongoza, George R. R. Martin akiandika historia ya kale ya dunia ile badala ya kumalizia vitabu vyake. Dunia hii ndiyo iliyowafundisha wengine kufuta alama kwenye ramani. Hakuna orodha ya kazi. Unatoka pangoni, mbele yako kuna farasi wa dhahabu na mpanda farasi wa dhahabu, unadhani ni wa kukukaribisha, na dakika moja baadaye umekufa. Huo ndio utambulisho. Na lile sanduku kwenye magofu yaliyoungua, pale karibu kabisa na mwanzo? Unalifungua, moshi unatoka, unaamka mgodini Caelid, nchi yenye anga jekundu na mbwa wenye ukubwa wa lori, na wewe una fimbo na suruali. Hakuna tangazo lililokuonya. Umefundishwa somo moja, na hutalifungua sanduku tena bila kulipiga kwanza.

Wachezaji wenyewe ni sehemu ya burudani. Unaweza kuacha ujumbe ardhini kwa wengine, na kwa makubaliano ambayo hayakusainiwa popote, dunia nzima iliamua kwamba kila kobe ni mbwa. Ukikuta kobe, pembeni kuna maandishi: mbwa. Alipowashinda watu Malenia, yule dada ambaye kila akikugusa anajiponya, akajitokeza mchezaji mmoja asiyevaa kitu ila chungu kichwani na kitambaa kiunoni, akawa anaingia kwenye gemu za wageni na kumpiga peke yake. Kwa hisani tu.

Sasa kwa nini siyo ya kwanza? Kwa sababu Kipimo cha Mkate hapa hakifanyiki. Wenye nyumba wamekufa, na waliobaki wamekufa pia ila bado wanakukimbiza. Mtu wa kawaida wa kupiga naye soga ni wa kutafuta kwa tochi. Nampenda Boggart, yule jambazi wa ziwani Liurnia anayeuza kamba wa kuchemsha na kumwamini kila anayependa kamba (ndimu na pilipili hana, lakini usimwambie). Na ukitaka kujua hadithi yake inaishaje, au ya yeyote yule, lazima usimamishe gemu ufungue simu. Mtu akitokea mahali usipopita kwa wakati wake, amepotea na hutaambiwa. Hiyo watu wanaiita siri. Wakati mwingine ni uvivu wa kuandika.

Hukumu: Dunia bora kuiangalia na kufia. Kuishi, hapana.

1. KINGDOM COME: DELIVERANCE II (2025)

Hakuna uchawi. Hakuna joka. Ni Bohemia, mwaka 1403, na wewe ni Henry, mtoto wa mhunzi. Warhorse wa Prague wameichora nchi yao kwa upendo wa mtu anayekuonyesha kwao, hadi mji wa Kuttenberg wenye migodi ya fedha, ambao leo unaitwa Kutná Hora na bado upo.

Na hapa, ndugu zangu, mkate una mwenyewe.

Uchukue akuone, anapiga kelele na mlinzi anakuja. Uchukue asikuone, baadaye anagundua, anajiuliza nani alionekana karibu, na kama ulikuwa unarandaranda pale mchana, jina lako linatajwa. Uvae shati uliloiba mtaa huo huo, mwenye shati analitambua mwilini mwako. Adhabu zina ngazi: faini, kufungwa kwenye mti mbele ya watu, viboko, chapa ya moto. Ukishachomwa chapa watu wanakuona jinsi ulivyo, na ukirudia, kitanzi. Yote hayo na joka hatujaliona.

Mwanzo wake ni wa kudhalilisha makusudi. Wewe na bwana wako Hans Capon mnatumwa na barua kwenye ngome ya Trosky, mnavamiwa njiani, mnabaki hamna kitu, mnafika kijijini hakuna anayeamini kwamba Hans ni mtoto wa kabaila, mnapigana baa, mnafungwa kwenye mti uwanjani. Mnarushiwa matusi. Ili mrudi kwa wakubwa inabidi upate mwaliko wa harusi kupitia kwa mhunzi au kwa msaga nafaka. Mhunzi anakupa nyundo: unapasha chuma, unakipiga upande huu, unakigeuza kabla hakijapoa, na Henry anapiga mluzi. Msaga nafaka anakupa kazi za usiku ambazo hazisemwi mchana.

Henry akinuka, watu wanamwambia. Akienda kwa tajiri na tope, bei ya maneno yake inashuka. Akienda kunyemelea akiwa hajaoga, anasikika kwa pua kabla ya masikio. Kusevu popote unapotaka lazima unywe kileo maalumu, kwa hiyo mchezaji mwoga anayesevu kila dakika anamlewesha shujaa wake hadi anapepesuka. Katika RPG zote nilizowahi kushikia pedi, hakuna iliyouadhibu uoga kwa ucheshi hivyo.

Yumo na Musa, tabibu msomi aliyetoka Mali, anayewatazama matabibu wa Bohemia kwa subira ya mtu aliyezoea kufanya kazi na wanafunzi wazito.

Kasoro zipo, msinitolee macho. Kupigana na watu watatu ni adhabu isiyo na rufaa. Kufungua kufuli kwa pedi kunataka vidole vya mpiga zeze. Saa za mwanzo ni za polepole, na mtu aliyezoea kupewa bunduki dakika ya tano atalala usingizi. Uwanja wake ni mdogo ukiulinganisha na hao wenye sayari elfu. Ila kila nyumba ina mtu, na mtu ana kitanda, ana saa ya kula, ana jirani anayemsema.

Hukumu: Bingwa. Shabiki wa Elden Ring mwenye pingamizi aje na hoja zake, nitampokea mlangoni. Ila aoge kwanza.